Majani ya Mahindi Yakibadilika Rangi, Yanataka Nini?

Ng'ombe mwenye njaa hulia. Mahindi yenye njaa hubadilika rangi. Basi, mkulima, upitapo shambani mwezi wa tano, mahindi yakiwa yamefika magotini, usitazame urefu wake tu. Tazama na majani. Watu wengi wakiona umanjano hukimbilia dukani kununua mfuko wa mbolea yo yote iliyopo. Huenda mfuko huo ukawa si chakula kinachotakiwa, na pesa za karo zimekwisha kwenda.

Kwanza angalia ni majani gani yaliyoharibika, ya chini au ya juu. Ng'ombe wa maziwa asipolishwa vizuri huendelea kutoa maziwa kwa kula mafuta ya mwili wake mwenyewe, hata mbavu zikaonekana. Mahindi hufanya vivyo hivyo. Yakikosa naitrojeni, fosfeti, potashi au magnesiamu, huvuta chakula hicho kutoka majani ya zamani na kuyapa majani machanga. Kwa hiyo dalili huanza chini. Lakini zinki na salfa hazihamishiki kwa urahisi, kwa hiyo zikikosekana majani machanga ya juu ndiyo huumia kwanza.

Jani la chini likigeuka manjano kuanzia nchani, na umanjano ukashuka katikati kwa umbo la herufi V, hiyo ni njaa ya naitrojeni. Kama ni kingo za jani zilizogeuka manjano na kukauka kana kwamba zimeunguzwa na moto, kilichopungua ni potashi. Mistari ya manjano kati ya mishipa ya majani ya chini ni dalili ya magnesiamu. Ukiona utepe mweupe upande huu na huu wa mshipa mkubwa, katika majani machanga, karibu na shina, fikiri juu ya zinki.

Kwa njaa ya naitrojeni dawa ni CAN, lakini palilia kwanza, maana magugu hayangoji kukaribishwa. Ngoja udongo uwe na unyevu. Ukipanda kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 50, mbegu mbili kila shimo, ekari moja ina mashimo karibu 10,800. Mfuko wa kilo 50 utatoa kama gramu nne na nusu kwa kila shimo, yaani kizibo kimoja cha soda kisichofurika. Weka kando ya shina, isiguse mmea, kisha ufunike kwa udongo. Na kama maji yamesimama shambani, chimba mtaro kwanza. Mizizi isiyopata hewa haiwezi kula, hata ukimwaga mifuko mitatu.

Sasa rangi ya zambarau, ambayo huwapotosha wengi. Mahindi machanga yenye zambarau kwenye shina na kingo za majani yamekosa fosfeti. Lakini kukosa si lazima iwe kwamba haimo udongoni. Baridi na mvua za mwanzo hupunguza nguvu za mizizi, na jua likirudi rangi hiyo huondoka yenyewe, usifanye haraka. Tena, katika udongo mchachu, kama ulivyo mwingi wa Trans Nzoia, Uasin Gishu na Kakamega, chuma na aluminiamu huishika fosfeti isitoke. Mkulima hutia DAP, mahindi hubaki na zambarau, na mwaka wa pili huongeza DAP. Na hapo ndipo hasara ilipo: DAP yenyewe, ikitumiwa mwaka hata mwaka, huzidisha uchachu. Anayefanya hivyo hununua ugonjwa na dawa katika mfuko mmoja. Udongo wa namna hii hutaka chokaa ya shamba, ichanganywe na udongo mwezi mmoja au zaidi kabla ya kupanda.

Ni chokaa kiasi gani? Hapo macho hayatoshi, pima udongo. Mashamba mengi ya skimu yalikatwa kutoka mashamba makubwa miaka ya 1960. Palipokuwa boma la ng'ombe mahindi ni ya kijani kibichi sana, na hatua hamsini kutoka hapo ni manjano. Basi chukua udongo mahali 10 hadi 15, kwa kuzunguka zunguka, kina cha inchi 8, ukiacha penye boma, njia, kichuguu na ua. Changanya katika ndoo safi ya plastiki, wala si ya mabati, kwa sababu mabati yana zinki. Toa nusu kilo upeleke kupimwa. KALRO wana maabara ya udongo Kabete, na Bwana Shamba ataweza kukuelekeza. Fanya hivyo mara baada ya kuvuna, ili chokaa ipate wakati wake.

Kuna umanjano mmoja usiotibiwa kwa mbolea yo yote. Ukiona majani machanga yana madoa na michirizi ya manjano, kisha yanakauka kutoka kingoni na moyo wa mmea unakufa, huenda ni ule ugonjwa wa virusi viwili vya mahindi uliotambuliwa Bomet mwaka 2011. Usinunue CAN. Ng'oa mimea hiyo, usiweke mbegu kutoka shamba hilo, mwite Bwana Shamba aione, na msimu ujao panda maharagwe au viazi mahali pale.