Kinga ya mutoto: utatoa feza ngapi?



Kila mara mwezi wa 12 unapokaribia, tunasikia ulizo moja kwenye kipimo cha watoto. Mama ameketi, anangojea mutoto mudogo apimwe kilo. Yule mukubwa wa miaka mitano anavuta kikwembe chake. "Mama, kinga! Batoto ba jirani biko na kinga!" Mama ananigeukia, anasema: "Mama muganga, huyu ananisumbua juu ya kinga. Feza iko kidogo. Nitoe ngapi?"

Wengine wanacheka. Wanasema muganga ni wa sindano na dawa, hana habari na kinga, ile wengine wanaita velo ao baiskeli. Lakini feza ya kinga inatoka katika mufuko ule ule unaotoa feza ya ndagala, ya maharagi na ya dawa ya malaria. Tena mutoto aliyeanguka na kinga mbaya analetwa kwetu, si kwa muuzaji. Kwa hiyo ulizo hili ni letu vilevile.

Mimi mwenyewe nilikosea. Mutoto wangu wa kwanza alipokuwa na miaka mitano, zamu yangu ya likelemba ilifika. Nikachukua feza yote nikanunua kinga mupya, nyekundu, yenye kikapu mbele. Kwenye pine iliandikwa 20. Muuzaji aliniambia: "Mama, nunua kubwa, atakomalia ndani yake, hutanunua tena." Nikafikiri nimepata akili. Mutoto akapanda, miguu haikufika chini. Alianguka mara tatu siku ile ile, na kesho yake akakataa kuigusa. Watoto wakubwa wa shangazi yake wakaichezea miaka miwili. Siku alipokuwa na urefu wa kuipanda, pine zilikuwa zimekwisha na freni hazikushika tena. Na ule mwezi wa kununua, nyumbani tulikula sombe bila samaki. Nimeandika karatasi hii ili wewe usilipe masomo yale mara ya pili.

Anza na karti ya kilo

Mbele ya kwenda sokoni, tazama karti ya kilo ya watoto wote wa nyumba, si ya yule anayelia tu. Kama mustari wa yule mudogo unapanda vizuri, endelea kusoma. Kama mustari umelala, ao unashuka, mwezi huu hakuna kinga. Feza ile nunua maharagi, ndagala, mayai, karanga, mafuta. Mutoto mwenye kuanza bwaki hawezi kungoja mpaka mwezi ujao, lakini mwenye kutaka kinga anaweza. Atalia siku mbili, kisha atasahau.

Feza ya kinga ni ile inayobaki nyuma ya chakula cha mwezi, chandarua cha mbu, daftari za shule, na akiba kidogo ya ugonjwa wa gafula. Usichukue kapitali ya biashara yako. Ukimaliza feza ya kununulia unga wa kuuza, kinga haitakuzalia unga mwingine. Na kukopa juu ya kinga, hapana.

Mawazo yangu ni haya: bei ya kinga isipite feza unayoweza kuweka pembeni kwa miezi mitatu bila kupunguza kitu katika sufuria. Kama unaweza kuweka dola 10 kwa mwezi, kinga yako ni ya dola 30, pamoja na kazi ya fundi. Hata jirani akinunua ya 80, ile ni hesabu ya nyumba yake.

Kuna hesabu nyingine ambayo mama wengi hawaifanyi. Mutoto wa miaka mitano ataitumia kinga ile karibu miaka miwili, kisha magoti yatagonga gidoni. Tuseme umenunua mupya kwa dola 60, na nyuma ya miaka miwili umeiuza kwa 24. Umepoteza 36, ni dola moja na nusu kila mwezi kwa miezi 24. Mwingine amenunua iliyokwisha kutumika kwa 30, amelipa fundi 6, kisha ameiuza kwa 18. Amepoteza 18 tu, ni nusu ya yule wa kwanza. Hizi namba ni mufano, bei ya soko utaiuliza wewe mwenyewe. Lakini ukiwa na watoto wanaofuatana, usiuze, mudogo ataipokea, na hesabu inakuwa nzuri zaidi.

Nenda sokoni na kamba, si na mutoto

Ukienda na mutoto, atashika kinga moja atalia, na muuzaji atapandisha bei palepale. Umuache nyumbani. Chukua kamba. Mutoto asimame bila viatu, mugongo kwenye ukuta. Pima toka chini mpaka katikati ya mapaja, pale miguu inapokutana. Funga fundo. Sokoni, mwambie muuzaji ashushe kiti cha kinga mpaka mwisho, kisha simamisha kamba toka chini. Kama kiti kinapita fundo, kinga ni kubwa. Usisikilize maneno ya "atakomalia ndani yake." Mutoto anayejifunza lazima aweke miguu miwili chini wakati kinga inapotaka kuanguka. Hiyo ndiyo freni yake ya kwanza.

Pembeni ya pine kuna namba, kwa mufano 16 x 1.75. Tazama ile ya mbele. Kwa kawaida 12 inafaa mutoto wa miaka 3, 14 wa miaka 4, 16 wa miaka 5 ao 6, na 20 toka miaka 7. Lakini watoto wetu hawakomei kwa mwendo mumoja, kwa hiyo kamba inashinda namba.

Kisha nyanyua kinga. Siku moja tulitundika kinga ya mutoto kwenye mizani yetu ya kilo. Mama wote walicheka, lakini mizani ilionyesha kilo 11, na mwenye kinga alikuwa na kilo 16. Ni kama wewe mama wa kilo 60 uambiwe kuendesha chuma cha kilo 41 na kukisimamisha kwenye mutelemuko. Kinga ikipita nusu ya kilo za mutoto, itafute nyingine. Vitu vingi vinavyoongeza bei vinaongeza uzito vilevile: kikapu, muzigo wa nyuma, matope ya chuma, vitesi vya kubadilisha mwendo. Mutoto mudogo hana kazi na vitu hivyo. Rangi pia, usiilipie.

Vitu vya kulipia

Lipia freni. Mikono ya mutoto ni midogo na haina nguvu. Weka kidole chako kidogo kimoja tu kwenye mukono wa freni, vuta. Kama kidole chako kinashindwa, mutoto wako atashindwa. Kinga nyingine zina freni ya miguu: ukikanyaga pedali kwa nyuma, gurudumu linasimama. Kwa mutoto wa miaka minne hiyo ni nzuri, maana miguu yake ina nguvu kuliko vidole. Kinga ya bei ndogo kabisa, ya magurudumu ya plastiki bila freni, ni ya kucheza ndani ya kiwanja tambarare tu. Kwenye vilima vyetu usiilete.

Lipia kifuniko cha shene, maana shene inakata vidole. Na tazama ncha mbili za gidoni. Hapa ninataka uketi vizuri, mama, usome polepole.

Kwenye ncha za gidoni kuna mipira. Mupira ukipotea, kinabaki chuma kitupu cha mviringo, kama kopo tunalokatia mikate. Mutoto akianguka, hata kwa mwendo wa polepole, gurudumu la mbele linageuka, ncha ya gidoni inaelekea tumbo lake, naye anaangukia juu yake. Kwa ngozi utaona alama ndogo ya mviringo, labda hakuna damu. Lakini ndani, ini ao bandama inaweza kupasuka.

Na kwetu hatari hii inaongezeka, kwa sababu ya malaria. Bandama inakaa upande wa kushoto, chini ya mbavu, na mbavu zinaichunga. Mutoto akishikwa na malaria mara nyingi, bandama inavimba, inatoka chini ya mbavu, inakuwa laini na rahisi kupasuka. Ndiyo maana muganga anagusa tumbo la mutoto wako kila mara. Akikuambia "bandama ni kubwa", maana yake hakuna kinga, hakuna kupanda miti, hakuna kupigana, mpaka atibiwe vizuri na muganga aguse tena aseme imerudi. Inaweza kuchukua majuma mengi. Usimwonee mutoto haya, mwambie wazi sababu.

Mutoto akijigonga tumbo kwenye gidoni, umutazame siku ile, usiku ule, na siku zinazofuata. Hatari haionekani kila mara saa ile ile. Kama tumbo linauma ao linakuwa gumu, kama anatapika, kama bega la kushoto linamuuma bila kugongwa, kama midomo na viganja vinakuwa vyeupe, kama moyo unapiga mbio ao anataka kulala tu, umulete hospitali mara moja, hata katikati ya usiku. Usimupe chakula wala kinywaji, kwa maana labda atapasuliwa. Usimukande tumbo. Usimutie dawa ya kienyeji kwa njia ya nyuma. Mwambie muganga: "Ameangukia gidoni." Neno hilo moja linatusaidia sana, maana mutoto anaogopa kugombezwa na anasema tumbo linauma tu, na sisi tunafikiri ni minyoo.

Mipira miwili ya gidoni inauzwa bei ndogo kwa fundi yeyote. Kama hakuna, akate kipande cha shamburera ya zamani, akikunje, akifunge kwa nguvu. Fanya hivyo mbele mutoto hajapanda hata mara moja.

Iliyokwisha kutumika si haya

Kinga ya zamani iliyotengenezwa na fundi ni bora kuliko mupya ya chuma chepesi inayopinda. Lakini usinunue bila kuitazama. Zungusha gurudumu, lisiyumbe. Tikisa gidoni, isicheze. Tazama pale vyuma vinapounganishwa: kama kuna ufa ao chomelea mupya, uiache. Pine, shamburera, shene na freni zinabadilishwa kwa feza ya kadiri, lakini fremu iliyovunjika, hapana. Muulize fundi mbele ya kulipa, na feza yake uihesabu ndani ya bei. Ikibaki feza kidogo, itafutie kofia ngumu ya kichwa. Hiyo ina faida kuliko kengele na kikapu.

Mutoto akijifunza, mwambie fundi aondoe pedali mbili. Pedali ya kushoto inafunguka kwa kuzungusha kinyume cha buloni nyingine, usiache mutu ailazimishe akaiharibu. Mutoto aketi, asukume kwa miguu, anyanyue miguu, ateremuke kidogo. Akiweza kukaa wima bila kugusa chini, rudisha pedali. Atajua kwa siku chache. Vigurudumu vya pembeni havimufundishi kukaa wima, vinamushika tu, na siku vinapoondolewa anaanza upya.

Na kama feza haiko kabisa? Watoto wa Goma wanajua jibu. Chukudu ya muti wa ekaliptusi, ile inayobeba viazi na makaa, ina wadogo zake: chukudu ndogo za watoto, za vipande vya mbao. Mutoto anasukuma kwa muguu mumoja, anasimama juu, anateremuka. Mafunzo ya kukaa wima ni yale yale, na mutoto aliyezoea chukudu hapati shida kubwa siku anapopata kinga. Misumari isitoke nje, na gurudumu la mbao lipate kipande cha pine juu yake. Akijikata kwenye mawe ya volkano ao musumari, osha kidonda kwa maji safi na sabuni, usitie majivu wala mavi ya ngombe, kisha umulete na karti yake tutazame chanjo ya pepopunda.

Mahali pa kupanda ni kiwanja cha nyumba ao cha shule, si barabara. Mutoto wa miaka mitano hawezi kupima mwendo wa pikipiki inayokuja. Na usimupakize mudogo wake nyuma: muguu unaingia katika nyuzi za gurudumu, na kisigino kinachunika mpaka mufupa.

Yule mama wa mwezi wa 12 alirudi kwenye kipimo kilichofuata na kamba yenye fundo ndani ya mufuko. Alikuwa hajanunua bado. Muuzaji wa kwanza alitaka kumupa namba 20. Mutoto mudogo alikuwa ameongeza gramu 400.