Mbwa waliopooza: seli za pua zilirudisha hatua, lakini si kila kitu

Jana mbwa alikuwa akiruka kwenye kiti. Leo asubuhi anataka kumfuata mwenye nyumba, lakini miguu ya nyuma inabaki chini na anajikokota kwa ile ya mbele. Kwa mbwa wengi wa aina ya teckel, wale wenye mgongo mrefu na miguu mifupi ambao Waingereza wanawaita dachshund, hivyo ndivyo ugonjwa wa diski za uti wa mgongo unavyojitokeza.

Diski ni vipande laini vinavyokaa kati ya mifupa ya mgongo ili isigongane. Kwa mbwa hao zinakauka mapema na kuwa ngumu kama chokaa. Siku moja diski inapasuka na kubana kamba ya neva inayopeleka amri za ubongo hadi miguuni. Mwaka wa 2017, watafiti wa Chuo kikuu cha California, mjini Davis, inchini Marekani, walionyesha kwamba ugonjwa huu unahusiana na nakala ya ziada ya jeni iitwayo FGF4. Nakala hiyo hiyo inachangia kuwafupisha miguu. Yaani umbo linalowafanya wapendwe ndilo linalowaumiza.

Dawa inayojulikana ni oparesheni ya kuondoa kile kinachobana neva. Kama mbwa bado anasikia uchungu anapobanwa vidole vya nyuma, wengi wanatembea tena. Kama hasikii kitu, karibu nusu tu ndio wanaopona. Wanaobaki wanaishi na kupooza, na mara nyingi hawawezi kushika mkojo. Ni kwa ajili ya hao watafiti waligeukia seli.

Mbwa 34 wa Cambridge

Mwezi wa kumi na moja mwaka wa 2012, gazeti la kisayansi Brain lilichapisha matokeo ya jaribio la Chuo kikuu cha Cambridge, Uingereza, lililoongozwa na Robin Franklin pamoja na mganga wa wanyama Nick Jeffery. Walichukua mbwa 34 wa kufugwa nyumbani, wote wakiwa wamepooza kwa zaidi ya miezi 12 kutokana na ajali au magonjwa ya mgongo.

Walitoa seli ndani ya pua ya mbwa mwenyewe. Si seli shina kwa maana kamili, bali ni seli zinazofunika neva za kunusa na kuzisaidia kukua upya maisha yote. Baada ya kuziongeza katika maabara, walizidunga mahali palipoumia. Mbwa 23 walipewa seli; 11 walidungwa maji matupu yasiyo na seli. Wenye mbwa hawakujua nani alipewa nini, wala wale waliopima mwendo wao.

Mbwa wengi waliopewa seli walianza kusogeza miguu ya nyuma kwa kufuatana na ya mbele, wakiwa juu ya mashine ya kutembelea na wakishikiliwa kwa mikanda. Ila neva zilizounganika upya zilikuwa za masafa mafupi, ndani ya uti wa mgongo. Njia ndefu ya kwenda kwenye ubongo haikurudi. Kushika mkojo nako hakukubadilika kiasi cha kuthibitishwa.

Kutoka mbwa hadi mtu

Miaka miwili baadaye, habari ikatoka Poland. Darek Fidyka, aliyepooza baada ya kuchomwa kisu mwaka wa 2010, alifanyiwa oparesheni mjini Wrocław na kundi la daktari Paweł Tabakow, likisaidiwa na Profesa Geoffrey Raisman wa London. Walitumia seli za aina hiyo, pamoja na vipande vya neva kutoka mguuni mwake. Fidyka aliweza kupiga hatua akishikilia kitembezi. Lakini alikuwa mgonjwa mmoja tu.

Kabla ya kutoa feza

Leo, katika inchi tajiri, kuna kliniki zinazouza seli shina, hasa zilizotolewa katika mafuta ya mwili, kwa mbwa wenye ugonjwa wa mgongo. Mwenye mbwa anapaswa kuuliza jambo moja: walilinganishwa na nani? Kuna mbwa wanaopona kwa kupumzika tu au kwa oparesheni, wiki au miezi baadaye. Akidungwa seli wakati huo huo, seli ndizo zitakazosifiwa. Ndiyo sababu Cambridge ilichagua mbwa waliokwisha kupooza zaidi ya mwaka, na ikaweka wengine pembeni bila seli.

Kwa sasa, kinachookoa mbwa zaidi ni haraka. Akilegea miguu ya nyuma, usimlazimishe kutembea wala usimnyooshe mgongo. Mlaze juu ya ubao, mfunge taratibu asigeukegeuke, mpeleke kwa mganga wa wanyama siku hiyo hiyo. Usimpe dawa za uchungu za watu. Baadhi zinamuua mbwa. Na kama hajakojoa, mwambie mganga mara moja.

Seli zinaweza kungoja watafiti wamalize kazi yao. Neva iliyobanwa haingoji.