Kuiba Maneno na Kutunga Uongo

Mtu akichukua mbuzi wa jirani, kijiji chote kinamwita mwizi. Lakini mwanafunzi akichukua kurasa tatu za kitabu cha mwingine na kuandika jina lake chini, pengine wenzake wanamsifu kwa akili. Wandugu, tuangalie vizuri jambo hili, maana linatugusa sisi mapadri na waseminari kuliko watu wengi.

Kwa Kifransa kosa hili linaitwa plagiat, na neno hilo limetoka katika Kilatini. Kwa Waroma, plagiarius alikuwa mwizi wa watu: aliyekamata watoto wa wengine au watumwa wao. Katika karne ya kwanza mtunga mashairi Martialis alimpa jina hilo mtu aliyesoma mashairi yake mbele ya watu kama ni yake mwenyewe. Martialis alifananisha maandiko yake na watumwa waliokwisha kupewa uhuru, na huyu anawashika tena. Huku mashariki ya Kongo, ambako wazee wetu waliona misafara ya watumwa, tunaelewa uzito wa neno hilo.

Kuna kosa la pili, ndugu wa lile la kwanza: kutunga habari zisizokuwako na kuzitoa kama kweli. Tuchukue mfano wa Marekani. Tarehe 28 Septemba 1980, gazeti Washington Post lilitoa habari ya mtoto wa miaka 8, jina lake Jimmy, aliyekuwa akichomwa sindano za heroini nyumbani kwao. Mwandishi alikuwa Janet Cooke. Watu wa mji walishikwa na uchungu, polisi wakamtafuta mtoto ili wamwokoe, wasimwone. Cooke alisema hawezi kutaja jina la kweli kwa kuogopa wauza dawa, na wakubwa wake wakakubali. Mwezi wa Aprili 1981 akapewa zawadi ya Pulitzer, yenye heshima kubwa kati ya waandishi wa huko. Habari za maisha yake zikatangazwa, na hapo ikaonekana kwamba masomo aliyojisifia hayakuwa ya kweli: alisema alipata diploma ya Vassar College, kumbe alisoma huko mwaka mmoja tu. Wakubwa wakamwuliza sana, mwisho akakiri kwamba Jimmy hakuwako. Zawadi ikarudishwa, naye akaacha kazi.

Basi, uongo juu ya masomo ulifunua uongo wa gazeti. Lakini nani aliyepata hasara? Katika mji ule walikuwako watu wa kweli walioharibiwa na heroini. Kesho yake, mwandishi mwingine akileta habari zao za kweli, nani atamsadiki upesi?

Shuleni ni vilevile. Mwezi wa Februari 2011, universite ya Bayreuth ilimnyang'anya udaktari Karl-Theodor zu Guttenberg, aliyekuwa waziri wa ulinzi wa Ujerumani, kwa sababu sehemu nyingi za kitabu chake zilinakiliwa bila kutaja wenyewe. Tarehe 1 Machi akaacha uwaziri.

Je, ni amri gani inayovunjwa? Ni mbili. Anayenakili anamnyima mwenye kazi heshima yake: ndiyo amri ya saba. Tena anamdanganya mwalimu na wote watakaosadiki diploma yake: ndiyo amri ya nane. Maana diploma ni ushuhuda. Mgonjwa hawezi kujua kama muuguzi wake alinakili mtihani. Anatoa mkono wake kwa sindano, basi.

Mmoja atauliza: Je, padri anayechukua mahubiri ya mwingine anakosa? Mtakatifu Agustino alijibu zamani, mwishoni mwa kitabu chake juu ya mafundisho ya kikristu. Alikubali kwamba asiyeweza kutunga vizuri ajifunze maneno yaliyoandikwa vema na mwingine, ayahubiri. Kanisa halikatazi kukopa. Mafundisho yetu yote tumeyapokea. Kosa ni kutaka kusifiwa kwa kazi tusiyoifanya.

Kwa hiyo tushike mambo matatu. Kwanza, tukichukua maneno ya mtu, tumtaje. Inatosha kusema: fulani ameandika hivi. Pili, tusiandike kwamba tumesoma kitabu tusichokifungua. Leo kuna hata mashine zinazotunga maandiko kwa dakika moja, na pengine zinataja vitabu visivyokuwako. Anayetia jina lake chini ya maandiko hayo amejitwika uongo huo. Tatu, aliyekosa arudishe. Tunajua kwamba mwizi haachi deni lake kwa kusikitika tu. Vivyo hivyo, aliyeiba maneno amtaje mwenyewe, na aliyetunga uongo ausahihishe mbele ya wale waliousoma.

Mtasema haya ni madogo. Lakini mwanafunzi wa leo kesho atakaa parokiani mbele ya kitabu cha ubatizo. Mama ataleta mtoto, wala hatajua siku aliyozaliwa. Kalamu iko mkononi, na hakuna anayeangalia. Aliyezoea kujaza karatasi kwa maneno yasiyo ya kweli atatunga tarehe, na miaka ishirini baadaye kijana yule ataitegemea. Padri mwaminifu atauliza majirani kwanza. Na wasipojua, ataandika kwamba tarehe haijulikani.