Rovu la Rwenzori na Amri ya Ubongo

Katika wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda, na hasa katika vijiji vinavyopanda kutoka Bwera kuelekea miteremko ya Rwenzori, udongo una upungufu usioonekana kwa macho, kwa kuwa mvua nyingi na maji ya barafu ya mlima huo, ambao kilele chake cha Margherita kina kimo cha mita 5,109, yameiosha iodini ardhini na kuiteremsha mtoni kwa maelfu ya miaka. Iodini ni madini ambayo hazina yake kuu duniani ni bahari, na ndiyo maana wakazi wa pwani wanaokula samaki wa maji chumvi huipata bila kujua, ilhali mkulima wa mlimani, ambaye muhogo, ndizi na maharage yake hutoka katika udongo uliooshwa, huweza kuikosa maisha yake yote. Dalili ya kukosa huko iliyozoeleka zaidi ni rovu, yaani uvimbe wa mbele ya shingo, na kwa muda mrefu imehesabiwa kuwa kasoro ya sura tu. Hesabu hiyo ina kosa, kwa sababu rovu ni habari ya ubongo kabla ya kuwa habari ya shingo.

Chini kidogo ya kikoromeo imekaa tezi dundumio, ambayo madaktari wengi huiita thairoidi, na kazi yake ni kuichukua iodini iliyomo katika damu na kutengeneza nayo homoni, yaani kemikali ambazo tezi huzimwaga katika damu ili zipeleke maagizo kwenye viungo vya mbali. Homoni yake kuu ni thairoksini, ambayo kila molekuli yake ina atomu nne za iodini. Hata hivyo thairoidi haijiamulii kiasi cha kutengeneza. Katika sakafu ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo haipothalamusi, inayopima kiwango cha thairoksini katika damu na kutuma ujumbe wa kikemia kwenye pituitari, tezi isiyofikia uzito wa gramu moja inayoning'inia chini yake, na pituitari nayo humwaga homoni ya pili inayoiamrisha thairoidi ifanye kazi. Kiwango kikitosha, ubongo hupunguza amri, kikishuka, huizidisha. Ujumbe ule wa kwanza ulitambuliwa muundo wake mwaka 1969, baada ya makundi mawili hasimu ya watafiti nchini Marekani, moja la Roger Guillemin na jingine la Andrew Schally, kusaga bongo za kondoo na nguruwe zisizo na idadi ili kupata chembe kidogo tu ya kemikali hiyo, na wote wawili wakashiriki tuzo ya Nobeli mwaka 1977. Ugunduzi wao ulithibitisha wazo ambalo Mwingereza Geoffrey Harris alikuwa amelitetea kwa miaka mingi dhidi ya wapinzani wengi, kwamba ubongo huitawala pituitari kwa kemikali zinazopita katika mishipa midogo ya damu.

Mpangilio huo ukieleweka, rovu hupata maana nyingine. Mtu anapokosa iodini thairoksini hupungua, na ubongo, ambao hauna njia ya kujua kwamba kilichokosekana ni malighafi, huendelea kuizidishia thairoidi amri. Tezi hutii kwa njia pekee iliyobaki, ambayo ni kuongeza seli zake na kutanuka ili inase kila chembe ya iodini inayopita. Uvimbe unaoonekana shingoni, kwa hiyo, ni matokeo ya ubongo kusisitiza jambo lisilowezekana, na mara nyingi juhudi hiyo hufaulu kiasi kwamba mwenye rovu kubwa huwa na akili timamu na nguvu za kutosha za kulima. Anayelipa gharama, mara nyingi, ni mtoto aliye tumboni.

Thairoidi ya kijusi huanza kutengeneza homoni ya kutosha karibu na nusu ya mimba, na kabla ya hapo ubongo wake hutegemea thairoksini ya mama inayovuka kondo la nyuma. Thairoksini hiyo, ikifika ndani ya ubongo, huondolewa atomu moja ya iodini na kuwa homoni yenye nguvu zaidi, inayoingia katika kiini cha seli na kuziwasha jeni zinazoelekeza seli changa za neva zihame kutoka zilikozaliwa, zifike tabaka zinazostahili, ziote matawi, ziungane na nyingine na hatimaye zivikwe maielini, ala ya mafuta inayoharakisha ujumbe wa neva. Kila hatua ina majira yake, na yakipita hayarudi. Ndiyo sababu mtu mzima aliyepungukiwa na thairoksini hupewa vidonge akapona, ilhali mtoto aliyeikosa katika miezi ya mwanzo ya mimba hawezi kurudishiwa alichokosa hata akipewa homoni hiyo tangu siku ya kuzaliwa. Hali mbaya zaidi ya upungufu huo huitwa ukretini, na ina sura mbili: ya kwanza ni ya neva, ambayo mtoto huwa kiziwi na bubu, mwenye miguu iliyokakamaa na akili iliyodumaa, ya pili, ambayo ndiyo iliyoonekana zaidi nchini Kongo, ni ya ufupi mno wa kimo, ngozi iliyokauka na uzito wa kila jambo, kwa sababu thairoidi ya mtoto mwenyewe imenyauka. Kati ya hao na watoto wa kawaida kuna kundi kubwa lisilotajwa na yeyote, la watoto wasio na alama yoyote mwilini ila wanaochelewa kidogo kushika somo, na pengine hasara kubwa kuliko zote imelala hapo.

Ushahidi kwamba majira ndiyo yanayoamua ulitoka mbali, katika milima ya Papua Guinea Mpya, ambako kuanzia mwaka 1966 Peter Pharoah na wenzake walizichoma baadhi ya familia sindano ya mafuta yenye iodini na nyingine sindano isiyo na dawa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1971 yalionyesha kwamba ukretini wa neva ulizuilika pale mama alipopata iodini kabla ya kushika mimba, na kwamba sindano iliyotolewa mimba ikiwa imekwisha kuingia iliweza kuchelewa.

Karibu zaidi na Bwera, katika kisiwa cha Idjwi kilichomo Ziwa Kivu, Wabelgiji François Delange na A. M. Ermans walikuta miaka ya 1960 fumbo ambalo upungufu wa iodini peke yake haukuweza kulifumbua. Iodini ilikuwa haba kisiwa kizima, lakini rovu lilikithiri kaskazini na kuwa adimu kusini-magharibi. Uchunguzi uliofuata, hapo na katika eneo la Ubangi kaskazini mwa Kongo, uliuelekeza mkono kwenye muhogo, kwa kuwa mizizi ya muhogo mchungu ina kemikali zinazotoa sianidi, na mwili, ili usidhurike, huigeuza sianidi hiyo kuwa thiosayaneti, ambayo huziba mlango ambao iodini huutumia kuingia katika thairoidi. Mahali penye iodini ya kutosha mlaji wa muhogo hadhuriki kwa njia hii. Mahali penye iodini haba, muhogo usioandaliwa vyema huupunguza hata ule uchache uliopo. Jambo hili linawahusu moja kwa moja Wakonzo wa Kasese na ndugu zao Wanande wa upande wa Kongo, ambao obundu, yaani ugali wa unga wa muhogo, ndio chakula chao cha heshima. Mazoea ya kina mama wa huko ya kuuloweka muhogo, kuuvundika na kuuanika juani kabla ya kuusaga huondoa sehemu kubwa ya sianidi, na hatari huja pale njaa, vita au haraka ya soko inapofupisha siku za kuvundika.

Kasese, kwa kinaya cha aina yake, ni nchi ya chumvi. Ziwa Katwe, lililomo katika shimo la volkeno kusini mwa wilaya, limechimbwa chumvi kwa vizazi vingi, na chumvi yake ilifika Rwanda na Kongo kabla ya mipaka ya kikoloni kuchorwa. Kiwanda cha kisasa kilichojengwa kando ya ziwa hilo kwa mikopo ya kigeni kilishindwa karibu tangu mwanzo, kwa sababu maji makali ya ziwa yaliyatafuna mabomba yake, na mpaka leo wachimbaji husimama ndani ya maji hayo na kuikwangua chumvi kwa mikono. Chumvi ya namna hiyo, ambayo nyingi huliwa na mifugo na kiasi huingia jikoni, haipiti katika mashine za kuinyunyizia iodini. Uganda iliweka katika miaka ya 1990 sharti kwamba chumvi ya mezani iwe na iodini, na kwa kuwa sehemu kubwa ya chumvi hiyo huagizwa kutoka Kenya, sharti hilo lilitekelezeka kwa urahisi kuliko ambavyo lingetekelezeka kama nchi ingekula ya Katwe. Hivyo mama wa Bwera anayenunua pakiti ya chumvi ya kiwandani sokoni Mpondwe, hatua chache kutoka mpaka wa Kasindi, huupatia ubongo wa mwanawe kitu ambacho ziwa la wilaya yake halimpi. Kinachotakiwa ni kidogo mno: mikrogramu 150 kwa siku kwa mtu mzima na 250 kwa mjamzito, kiasi ambacho kwa miaka 60 hakizidi gramu tatu na ushei. Iodini huhitaji uangalizi kidogo jikoni, kwani unyevu na moto mrefu huipunguza, na chumvi iliyofunikwa vizuri na kutiwa chakula kinapokaribia kuiva huihifadhi zaidi.

Tiba hiyo rahisi nayo ilikuwa na upande wake wa pili. Mwaka 1996 jarida la kitabibu The Lancet lilichapisha taarifa kutoka Kivu, jirani kabisa na Kasese, kuhusu watu wenye rovu ambao, baada ya kuanza kula chumvi yenye iodini, thairoidi zao zilizidisha homoni kupita kiasi. Zimbabwe ilikuwa imeripoti jambo kama hilo mwaka mmoja kabla. Rovu likikaa miaka mingi huota vinundu ambavyo hatimaye huacha kuisikiliza pituitari na kufanya kazi kwa hiari yao, na iodini ya ghafla ikiingia, hasa ikiwa imetiwa kwa wingi mno, vinundu hivyo huimwaga thairoksini bila kizuizi. Mgonjwa hukonda huku akila, moyo humwenda mbio, mikono hutetemeka, usingizi humtoroka, na akili hujaa wasiwasi na hasira ambazo jamaa zake huweza kuzidhania kuwa za kurogwa au za wazimu. Upungufu kwa mtu mzima hufanya kinyume: fikra huzama, kumbukumbu hufifia, mtu hukosa hamu ya kusema na hata kuinuka, na sonona hiyo haitofautiani kwa sura na ile inayotokana na msiba. Theodor Kocher, mpasuaji wa Bern nchini Uswisi, aliliona hilo mapema kuliko wengi mwaka 1883, alipogundua kwamba wagonjwa aliowaondolea thairoidi nzima walikuwa wamepona rovu na kupumbaa akili. Na mwaka 1891 George Murray wa Uingereza alimchoma mwanamke aliyekuwa katika hali hiyo sindano ya maji ya thairoidi ya kondoo, na mwanamke huyo akapata nafuu na kuishi miaka 28 zaidi. Kipimo cha damu cha homoni ya pituitari huzitofautisha hali zote hizi, na daktari anayempokea mgonjwa wa akili kutoka nchi ya rovu ana sababu nzuri ya kukiagiza kabla ya kuandika dawa ya usingizi.

Mpaka hapa madhara yametoka tezini kwenda ubongoni, lakini nchini Uganda kuna ugonjwa unaoelekea kufuata njia ya kinyume. Mwaka 1950 watafiti Raper na Ladkin walieleza kuhusu watoto wa eneo la msitu wa Mabira walioacha kurefuka, wasiobalehe, wengi wao wakiwa na kifafa na akili iliyodhoofu, hali iliyopewa jina la Nakalanga. Baadaye ilionekana pia Kabarole, kaskazini mwa Kasese. Popote ilipotokea palikuwa na usubi, ugonjwa wa minyoo midogo inayoenezwa na inzi weusi wanaozaliana katika mito yenye maji ya kasi, na mito ya Kasese, ikiwemo Nyamugasani na Lhubiriha unaopita Bwera mpakani, ilikuwa miongoni mwa maskani ya ugonjwa huo. Kimo kilichokoma na balehe isiyofika ni alama za pituitari isiyotoa homoni ya ukuaji wala zile zinazoziamsha tezi za uzazi, na kwa hiyo watafiti wameishuku tezi hiyo kwa miongo kadhaa, ingawa namna mnyoo unavyoweza kuifikia au kuidhuru bado inabishaniwa.

Ubishi huo haukuizuia kazi ya kupambana na inzi hao na ya kugawa ivermektini, dawa inayoua minyoo michanga ya usubi, kijiji kwa kijiji. Katika eneo la Itwara, huko Kabarole, usubi ulitokomezwa, na utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba kifafa kilikuwa kimepungua miongoni mwa watoto na vijana waliokua baada ya maambukizo kukoma, huku wengi wa wagonjwa waliobaki wakiwa watu wazima waliozaliwa wakati inzi bado wako mtoni.