Kuwafundisha Vijana Ufalme wa Mungu Ambao Umekwisha Kukaribia



Mwulize kijana aliyekwisha kupokea Kipaimara: Ufalme wa Mungu ni nini? Mara nyingi jibu huja upesi: ni mbinguni, mahali waendako watu wema wakifa. Jibu hilo si la uzushi, kwa maana utimilifu wa Ufalme ni kweli uko katika kumwona Mungu uso kwa uso. Kasoro yake ni kwamba limekatwa nusu, na nusu iliyoachwa ndiyo inayomhusu kijana wa miaka 17 leo hii. Ikiwa Ufalme ni jambo la baada ya mazishi, yeye anayo miaka mingi ya kungoja, na katika kungoja huko aweza kushughulika na mengine. Wazazi na makatekista husikitika kwamba vijana wakishapakwa Krisma huonekana kanisani kwa nadra. Sababu za hali hiyo ni nyingi, lakini naamini mojawapo ni hii: tumewafundisha mengi juu ya Yesu, tukapita haraka juu ya lile ambalo Yesu mwenyewe alilihubiri kuliko yote.

Katika Injili ya Marko, Yesu anaanza utume wake Galilaya kwa kutangaza kwamba muda uliongojewa umetimia, kwamba Mungu amekaribia ili atawale, na kwa sababu hiyo watu wageuke na kuipokea Habari Njema (Mk 1:15). Hawaambii wafungashe safari ya kwenda mahali fulani. Anawaambia kwamba kuna kitu kimewafikia, nao wanatakiwa kuamua.

Lugha yetu yaweza kutusaidia hapa, na yaweza pia kutupoteza. Kiambishi u- hutaja nchi: Usukuma, Ugogo, Uganda, Ufaransa. Kiambishi hicho hicho hutaja hali au kazi ya mtu: ualimu, uzazi, uchungaji. Mtoto anaposikia “Ufalme” husikia ile u- ya Usukuma, yaani eneo lenye mipaka, ila hili liko juu ya mawingu. Injili inaanzia kwenye u- ya ualimu: kule kuwa mfalme kwa Mungu, kutawala kwake. Katekisimu ya Kanisa Katoliki (na. 2816) inaeleza kwamba neno la Kigiriki basileia hubeba maana zote: hadhi ya mfalme, milki yake, na tendo lake la kutawala. Katekista akiwafafanulia wanafunzi wake jambo hili kwa dakika tano tu, maandiko mengi yaliyokuwa yamefungwa yatafunguka.

Mathayo naye anahitaji maelezo, maana ndiye pekee asemaye “Ufalme wa mbinguni”, na anasema hivyo zaidi ya mara 30. Pale Marko na Luka wanaposema “Ufalme wa Mungu”, yeye kwa kawaida husema “wa mbinguni”. Hazungumzii kitu kingine. Wayahudi, kwa heshima, waliepuka kumtaja Mungu moja kwa moja, wakasema “mbingu” badala yake, kama sisi tunavyosema “Ikulu imeamua” tukimaanisha Rais, wala hakuna anayefikiri kwamba kuta za jengo ndizo zilizoamua. Ufalme wa mbinguni ni utawala wake Yeye aliye mbinguni, unaofika huku tuliko. Ndiyo maana katika Sala ya Bwana hatuombi twende kwenye Ufalme. Tunaomba Ufalme utufikie, na mara tunaongeza kwamba mapenzi ya Baba yatimizwe hapa duniani. Vijana wetu wanaisali sala hiyo tangu utotoni. Ni vema waulizwe, angalau mara moja, wanaomba nini.

Tukishafika hapo, tusikimbilie kuwapa maana ya kukariri. Yesu hakutoa maana ya namna hiyo, alisimulia mifano. Ila mifano yake ilitoka katika mashamba na majiko ya Galilaya, na kijana asiyejua haradali hufundishwa maneno mawili magumu kwa wakati mmoja. Mwonyesheni tunda la mkuyu. Lipasueni, mhesabu mbegu zilizomo kama mnaweza, kisha mtazame mti wenyewe na ndege waliojaa matawini. (Huo ndio mti aliopanda Zakayo, jambo ambalo watoto hufurahi kuambiwa.) Chachu nayo ni hamira: mama anakanda unga wa maandazi jioni, anaufunika kwa kitambaa, watu wanalala, asubuhi unga umeumuka. Hakuna aliyesikia kelele. Mfano wa mbegu inayoota mkulima akiwa usingizini, ambao unapatikana katika Marko peke yake (Mk 4:26-29), unasema neno hilo hilo, na ni dawa kwa kijana anayevunjika moyo kwa kuwa ameungama dhambi ile ile mara ya nne.

Mfano wa magugu na ngano ndio nisioutaka uachwe. Mkulima wa mpunga anajua gugu linalofanana na mpunga hata jicho likadanganyika, na anajua hasara ya kung'oa kwa pupa. Vijana huona maovu ndani ya Kanisa, katika familia na hata katika kwaya, kisha huuliza: ikiwa Mungu anatawala, mbona hali iko hivi? Swali hilo si la utovu wa imani. Watumishi katika mfano waliuliza karibu vivyo hivyo, na mwenye shamba hakuwakemea kwa kuuliza. Aliwaambia wasubiri mavuno. Mungu anatawala kwa uvumilivu, naye hajalisahau gugu.

Huko nje vijana wetu wanasikia pia tafsiri nyingine za Ufalme. Iko inayodai kwamba mwana wa Mfalme hapaswi kuugua, kukosa ada wala kupanda daladala, na kwamba umaskini ni ishara ya imani haba. Ni mafundisho yanayouzika, hasa kwa kijana asiye na ajira, nasi tusidhani kwamba wa kwetu hawayasikilizi kwenye simu zao. Lakini Yesu aliwatangaza maskini kuwa ndio wenye Ufalme (Lk 6:20), naye mwenyewe hakuwa na pa kulaza kichwa. Tafsiri ya pili inaugeuza Ufalme kuwa jina jingine la maendeleo: kisima, zahanati, mradi wa kuku. Hivi vyote ni vyema. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Gaudium et Spes na. 39, unatufundisha kutofautisha maendeleo ya dunia na kukua kwa Ufalme, huku ukikiri kwamba maendeleo hayo yana uzito kwa Ufalme kadiri yanavyosaidia kuipanga vema jamii ya watu. Nalo Kanisa, kwa mujibu wa Lumen Gentium na. 5, ni mbegu na mwanzo wa Ufalme huo hapa duniani. Mbegu si mti mzima, na kijana akielewa hivyo hatatikisika sana kwa udhaifu wa watu wa Kanisa, sisi makleri tukiwemo.

Kwa Afrika Mashariki tunao mfano ambao hauhitaji kutafsiriwa. Mtakatifu Karoli Lwanga na wengi wa wenzake walikuwa vijana watumishi wa ikulu ya Buganda. Neno “mfalme” kwao halikuwa picha ya kitabuni; walimwona Kabaka Mwanga kila siku, walikula kwake, na uhai wao ulikuwa mikononi mwake. Mnamo Novemba 1885 Yosefu Mukasa Balikuddembe aliuawa, na Lwanga akashika jukumu la kuwalea vijana wenzake katika imani. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei 1886, huko Munyonyo, hukumu ikiwa inakaribia, aliwabatiza wakatekumeni kadhaa. Mmoja wao alikuwa Kizito, mwenye umri wa miaka kama 14. Tarehe 3 Juni, siku iliyokuwa Sherehe ya Kupaa Bwana, wengi wao walichomwa moto Namugongo, na pamoja nao Waanglikana. Mtakatifu Paulo VI aliwatangaza wale Wakatoliki 22 kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964.

Tunapowasimulia vijana habari hii, tusiishie kwenye moto. Wafiadini hawa hawakuasi dhidi ya kabaka wao wala kupanga njama za kumwondoa. Waliendelea kumtumikia katika yote yaliyo halali, wakamkatalia pale tu alipodai yaliyo ya Mungu, ikiwa ni pamoja na miili yao. Jambo hili linamgusa binti anayeambiwa na mwajiri kwamba kazi ina bei yake, na mvulana anayeambiwa na wenzake kwamba mtihani bila kununua majibu haufauliki. Mwulizeni kila mmoja: Mungu akitawala katika jambo hili moja, nini kitabadilika kesho? Swali likiwa kubwa mno, “utafanya nini kwa Ufalme wa Mungu”, mtapata majibu ya kanisani. Likiwa dogo, mtapata ukimya kwanza, halafu ukweli.

Msishangae pia mtakapoona wengine wanaondoka. Mathayo, ambaye ndiye anayemwita yule tajiri “kijana” (Mt 19:16-22), anamweka mara tu baada ya watoto wadogo walioletwa kwa Yesu. Watoto walikuja mikono mitupu wakapokelewa. Kijana alikuja na amri zote alizozishika, akaenda zake kwa huzuni. Yesu hakupunguza masharti ili abaki. Nasi tusiupunguze Ufalme uwe michezo na matamasha peke yake kwa kuogopa kuwapoteza.

Nafasi nzuri ya mafundisho haya ni majuma yanayotangulia Sherehe ya Kristo Mfalme, iliyowekwa na Papa Pio XI mwaka 1925. Tangu mwaka 2021 ndiyo pia siku ambayo majimbo yanahimizwa kuadhimisha Siku ya Vijana Duniani. Injili za sherehe hiyo hupokezana kwa miaka mitatu: Mwaka A, Mfalme anajitambulisha na wenye njaa na wafungwa, Mwaka B, amesimama mbele ya Pilato, Mwaka C, yuko msalabani, na mhalifu aliye kando yake anaomba akumbukwe Yesu atakapofika katika Ufalme wake. Mhalifu yule aliomba jambo la siku zijazo, akajibiwa “leo”. Katekista mwenye nafasi ya kipindi kimoja tu na vijana wake kabla ya sherehe hiyo na awasomee sura hiyo ya 23 ya Luka polepole, kisha awaache wao waanze kuuliza.