Madalali wa ardhi wasiosajiliwa wataadhibiwa na nani?

Mwalimu mwenzangu mmoja, ambaye ameshika chaki kwa zaidi ya miaka ishirini, alichukua mkopo katika chama chake cha akiba na mikopo ili anunue kiwanja cha kujenga nyumba ya kustaafia. Dalali aliyemwendea alikuwa na ofisi yenye kibao mlangoni na ulimi laini kama hariri. Alimpeleka akamwonyesha mawe ya mipaka, akampa nakala ya hatimiliki, kisha akapokea arubuni ili kiwanja kisichukuliwe na mwingine. Miezi miwili baadaye, mwenye kiwanja alijitokeza. Hakuwa amemtuma mtu yeyote kuuza chochote. Kufikia hapo simu ya dalali ilikuwa imezimwa na kibao kimeng'olewa. Mkopo ungali unakatwa katika mshahara wa mwalimu huyo kila mwezi.

Mwenzangu alipotaka dalali huyo anyang'anywe leseni, alipata jibu ambalo hakulitarajia: jina la mtu huyo halikuwamo katika daftari la mawakala. Hangeweza kunyang'anywa kitu ambacho hakuwahi kuwa nacho.

Ni jambo la kusikitisha kwamba wananchi wengi hawajui kuwa udalali wa ardhi na nyumba ni taaluma yenye sheria yake. Sheria ya Mawakala wa Ardhi na Nyumba, ambayo ni Sura ya 533 ya Sheria za Kenya, ilipitishwa na Bunge mnamo 1984. Sheria hiyo iliunda bodi ya kuwasajili mawakala na kuwachunguza wanapolalamikiwa. Wakala anayepatikana na hatia ya utovu wa maadili baada ya kusikilizwa anaweza kufutwa katika daftari, na akishafutwa hana ruhusa ya kuendelea na kazi hiyo.

Makosa ya kitaaluma yanajulikana. Kuchanganya fedha za mteja na zako mwenyewe ni kosa. Kupokea ujira kwa siri kutoka kwa muuzaji na mnunuzi, huku kila mmoja akidhani unamtetea yeye, ni kosa. Kumkodisha jina lako mtu asiyesajiliwa ili afanye kazi chini ya kivuli chako ni kosa baya zaidi, kwa maana unakuwa umemfungulia mwizi mlango wa mbele.

Walimu wanaelewa vyema nguvu ya daftari. Chini ya Sheria ya Tume ya Huduma za Walimu ya 2012, hakuna anayeruhusiwa kufundisha bila kusajiliwa, na majina ya waliofutwa huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Mwalimu anaiogopa adhabu hiyo kwa sababu, akifutwa, mwalimu mkuu hatampokea. Kinachoipa adhabu makali ni kule kukaguliwa kwa nambari ya usajili kabla ya mtu kupewa darasa.

Je, ni wangapi kati yetu huuliza nambari ya dalali kabla ya kufungua pochi? Sheria ni msumeno, wahenga walisema, hukata mbele na nyuma. Hata hivyo, msumeno haukati gogo ambalo halijaletwa karanani. Nidhamu ya leseni humfikia yule tu aliyeingia kwa mlango na kuandikwa jina. Wakala mwaminifu, aliyesoma na kulipa ada, ndiye anayeweza kuitwa, kuhojiwa na kufutwa. Tapeli aliyepitia dirishani huhama mtaa tu na kutundika kibao kipya.

Yafaa ikumbukwe kwamba kufanya kazi hiyo bila kusajiliwa ni hatia mahakamani. Adhabu iliyowekwa na sheria hiyo ilikuwa faini isiyozidi shilingi 20,000, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Mnamo 1984 fedha hizo zilikuwa za kutisha. Leo hii, ujira wa kuuza kiwanja kimoja unaweza kuzipita. Faini ya namna hiyo tapeli huihesabu kama gharama ya biashara, sawa na nauli na vocha ya simu.

Wapo watakaosema kwamba kuwabana madalali wasiosajiliwa ni kuwanyima riziki vijana wengi wanaoishi kwa kuonyesha watu nyumba za kupanga. Hoja hiyo ina uzito. Lakini kijana huyo anaweza kuajiriwa na wakala aliyesajiliwa, akaonyesha nyumba na kupata haki yake, huku fedha za wateja zikishikwa na mtu ambaye jina lake linaweza kufutwa. Riziki ya mmoja haiwezi kuwa sababu ya kuifuta akiba ya mwingine.

Aidha, mnunuzi naye ana wajibu wake. Hatimiliki pekee si kinga. Katika kesi ya ploti ya Nyali, Mombasa, Mahakama ya Juu iliamua mnamo 2023 kwamba hati iliyotokana na ugawaji usiofuata sheria haimlindi hata aliyenunua kwa nia njema. Basi mnunuzi hana budi kufanya upekuzi katika masjala ya ardhi, kuonana na mwenye mali ana kwa ana, na kuandikiana mkataba uliotiwa saini mbele ya shahidi. Ikiwa ni shamba la kilimo, idhini ya bodi ya kudhibiti ardhi lazima iombwe ndani ya miezi sita, la sivyo mapatano hayo hubatilika. Dalali anayekuharakisha uziruke hatua hizi amekwisha kukuonyesha yeye ni nani.

Bunge nalo halina budi kuipandisha faini hiyo hadi imuume mkosaji, na bodi ihakikishe kwamba daftari lake linafika vijijini, kwenye ofisi za machifu na vyama vya akiba, mahali ambapo mikopo ya viwanja hutolewa.

Mwenzangu sasa huwafunza wanafunzi wake swali moja ambalo halimo katika silabasi: "Nambari yako ya usajili ni ipi?" Lilimgharimu akiba ya miaka mingi kulijua. Wanafunzi hao wanalipata bure, na siku watakapotafuta kiwanja ndipo watakapojua thamani yake.