Maziwa yamechemka, je, dawa imetoka?

Katika familia nyingi za mijini, maziwa huletwa asubuhi na kijana wa pikipiki, yakiwa kwenye madumu. Mama huyapima, huyabandika jikoni, kisha watoto hunywa. Ni wachache wanaouliza kama ng'ombe aliyekamuliwa alikuwa mzima.

Swali hilo lina uzito. Ugonjwa wa kiwele ni miongoni mwa maradhi yanayowasumbua zaidi ng'ombe wa maziwa. Bakteria huingia kupitia tundu la chuchu, kiwele huvimba na maziwa hutoka na mabonge au damu. Lakini mara nyingi ugonjwa hujificha: maziwa ni meupe kama kawaida, na bakteria wamo.

Baadhi ya wafugaji hukimbilia duka la dawa za mifugo na kununua antibayotiki bila kumwona daktari wa mifugo. Dawa inapotumiwa ovyo au dozi kukatishwa, bakteria dhaifu hufa, wanaoihimili hubaki na kuzaliana. Huo ndio usugu wa dawa.

Mwaka 2011, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, waliokuwa wakichunguza ugonjwa wa kiwele, walitangaza kugundua ndani ya maziwa aina mpya ya MRSA, bakteria sugu kwa dawa za jamii ya penisilini. Aina hiyohiyo ilipatikana pia kwa binadamu.

Hapo ndipo mzazi anapoguswa. Penisilini na tetrasaiklini anazotibiwa ng'ombe ni za jamii moja na dawa anazoandikiwa mtoto. Bakteria wakishazizoea, kidonda au homa ya kawaida huweza kugoma kupona. Inakadiriwa kuwa mwaka 2019 usugu wa dawa ulisababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani.

Kuchemsha kunasaidia nini?

Bakteria sugu kwa dawa si sugu kwa moto. Maziwa yakichemka sawasawa, hufa kama wengine. Yasiyochemshwa ndiyo yenye hatari, yakiwamo ya mgando yaliyogandishwa mabichi.

Hata hivyo, moto hauondoi kila kitu. Mabaki ya dawa aliyotibiwa ng'ombe huweza kubaki hata baada ya kuchemsha, na kumdhuru mwenye mzio wa penisilini. Vilevile, maziwa yakikaa saa nyingi kwenye joto, baadhi ya bakteria huacha sumu isiyoisha kwa kuchemsha.

Mambo ya kuzingatia

• Chemsha maziwa mara yanapofika, na uyahifadhi kwenye chombo safi chenye mfuniko. Ukitaka mgando, chemsha kwanza.

• Muulize muuzaji yanatoka kwa nani, na kama kuna ng'ombe anayetibiwa.

• Maziwa yakigoma kuganda mara kwa mara, huenda yana mabaki ya dawa. Mweleze muuzaji.

• Kama unafuga, nawa mikono, safisha chuchu na mkamue ng'ombe mgonjwa mwisho. Maliza dozi, na mwaga maziwa yake hadi siku zilizoandikwa kwenye dawa ziishe. Usimpe hata ndama.

• Mtoto akiugua, usimpe antibayotiki iliyobaki nyumbani. Mpeleke kituo cha afya apimwe.